Takamiyama: kutoka ulingo wa sumo hadi kiti cha mwalimu

Jesse Kuhaulua, mzaliwa wa kisiwa cha Maui katika visiwa vya Hawaii, ndiye raia wa kigeni wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu la sumo, mieleka ya jadi ya Wajapani. Taji hilo alilipata mwezi Julai mwaka 1972 kwa jina la Takamiyama. Miaka 14 baadaye, akiwa amekwisha kuuacha uraia wa Marekani, alifungua kambi yake mwenyewe mjini Tokyo, na humo akamlea kijana aliyekuwa mgeni wa kwanza kufikia cheo cha yokozuna, kilele cha mchezo huo.

Ushindi wa mwaka 1972 ndio unaotajwa mara nyingi. Makala haya yanashughulika zaidi na sehemu ya pili ya maisha yake, yaani ya ualimu, kwani ndiyo iliyomgharimu zaidi. Mgeni aliruhusiwa kupigana. Kufundisha lilikuwa jambo jingine.

Mchezo na ngazi zake

Sumo huchezwa juu ya ulingo wa udongo wenye duara la kipenyo cha mita 4.55. Anayegusa chini kwa kiungo chochote kisichokuwa nyayo, au anayetolewa nje ya duara, ameshindwa. Mapambano mengi humalizika kwa sekunde chache tu. Hakuna makundi ya uzito: mtu wa kilo 100 aweza kukutanishwa na wa kilo 200, wala asiwe na pa kulalamikia. Mashindano makuu hufanyika mara sita kwa mwaka, kila mara kwa muda wa siku 15, na baada yake orodha ya vyeo hupangwa upya. Aliyeshinda mapambano mengi hupanda, aliyeshindwa mengi hushuka. Katika daraja la juu, vyeo vinavyotajwa kwa heshima ni komusubi, sekiwake, ozeki na, juu ya vyote, yokozuna. Yokozuna hashushwi kamwe. Nguvu zikimwisha hutarajiwa astaafu mwenyewe.

Wanaolipwa mshahara ni wanamieleka wa madaraja mawili ya juu tu, wapatao 70 kati ya mamia. Wengine hupewa chakula, malazi na posho ndogo, na huwatumikia wakubwa wao. Kila mmoja ni mtu wa kambi fulani tangu siku ya kwanza hadi ya kustaafu, na hawezi kuhama kwa hiari yake. Msomaji aliyepata kusimuliwa jinsi wanafunzi wa zamani huko Lamu au Unguja walivyokuwa wakihamia nyumbani kwa sheikh wao, wakamtekea maji na kumfulia nguo huku wakisoma, atauelewa utaratibu huu upesi. Mkuu wa kambi huitwa oyakata. Yeye ni mwalimu, baba mlezi na mwenye nyumba kwa pamoja, na mkewe ndiye mama wa vijana wote waliomo.

Uoyakata hauombwi kama kazi ya ukocha wa kandanda. Chama cha Sumo cha Japani kina nafasi 105 za wazee, na kila nafasi ina jina lake la kurithiwa. Mwanamieleka anayestaafu bila ya kupata mojawapo ya majina hayo hukatwa nywele zake katika sherehe rasmi, kisha huondoka na kwenda kutafuta maisha mengine.

Kijana wa Maui

Kuhaulua alizaliwa Juni 16 mwaka 1944. Utotoni aligongwa na lori, na miguu yake ikabaki dhaifu kwa muda mrefu. Alipokuwa shule ya sekondari, akicheza kandanda ya Kimarekani, kocha wake alimshauri ajiunge na wacheza sumo wa pale kisiwani ili aiimarishe miguu hiyo. Sumo ilikuwapo Hawaii kwa sababu Wajapani walikuwa wamepelekwa huko kwa wingi tangu mwaka 1885 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, nao walikwenda na michezo yao. Kwa hiyo mchezo huo ulikuwa umekwisha kusafiri hadi kwa Kuhaulua kabla yeye hajasafiri kuufuata.

Mtu aliyemchukua anastahili kutajwa, kwa kuwa naye alikuwa na kisa chake. Alikuwa yokozuna wa zamani kwa jina la Maedayama, mkuu wa kambi ya Takasago. Mwaka 1949 Maedayama alijitoa katika mashindano kwa kisingizio cha ugonjwa, kisha akaonekana akitazama mchezo wa besiboli wa timu ya Kimarekani iliyozuru Japani. Kashfa hiyo ilimlazimisha astaafu. Pengine si ajabu kwamba mtu aliyeadhibiwa kwa kuvutiwa na Wamarekani ndiye aliyekuwa tayari kumpokea Mmarekani nyumbani kwake.

Kuhaulua aliwasili Tokyo mapema mwaka 1964, wakati wa baridi kali, akiwa na umri wa miaka 19 na bila ya kujua Kijapani. Alianza kushindana mwezi Machi. Mazoezi ya sumo huanza alfajiri na mapema, kabla ya kula chochote, na mojawapo ni kukaa chini, kutanua miguu kabisa na kuinama mpaka kifua kiguse ardhi. Kwa mtu mwenye miguu iliyowahi kuvunjika nguvu, mateso yake yalikuwa makubwa. Pigo alilolipata kooni mazoezini lilimwachia sauti ya kukwaruza ambayo baadaye Wajapani wote waliitambua.

Jina alilopewa, Takamiyama, halikuwa dogo. Lilikuwa limetumiwa katika karne ya 19 na mwanzilishi wa kambi hiyo hiyo ya Takasago. Kumpa mgeni jina la mwasisi ni ishara kwamba mwalimu wake aliona ndani yake kitu ambacho wengine walikuwa bado hawajakiona.

Ubingwa wa 1972

Alipanda daraja la pili mwezi Machi mwaka 1967 na daraja la juu Januari 1968. Alikuwa na kimo cha sentimita 192 na uzito uliofikia kilo 200 na ushei, na ndevu za mashavuni zilizomfanya ajulikane kwa mbali. Hakuwa fundi wa mbinu nyingi. Silaha yake ilikuwa kusukuma kwa nguvu zote tangu mwanzo wa pambano, na udhaifu wake ulikuwa ile miguu: aliyejua kumyumbisha alimbwaga.

Mwezi Julai mwaka 1972, mjini Nagoya, alishinda mapambano 13 na kushindwa 2, akatwaa Kombe la Mfalme wa Japani. Balozi wa Marekani, Robert Ingersoll, alipanda ulingoni na kusoma barua ya pongezi kutoka kwa Rais Richard Nixon. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo Kiingereza kikatumika rasmi juu ya ulingo wa sumo. Maedayama hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki dunia mwezi Agosti mwaka uliotangulia.

Yafaa kuongeza kwamba neno “mgeni” katika sumo limekuwa na mipaka yenye utata. Taiho, mmoja wa mayokozuna wakubwa kabisa wa karne ya 20, alizaliwa mwaka 1940 katika kisiwa cha Sakhalin, sehemu iliyokuwa chini ya Japani, na baba yake alikuwa mtu wa asili ya Ukraine. Lakini Taiho alihesabiwa kuwa Mjapani. Takamiyama alikuwa na pasi ya Marekani, na hilo halikuweza kufichika.

Hakutwaa taji jingine tena, na cheo cha juu alichokifikia ni sekiwake. Ukizijumlisha hesabu za miaka yake yote katika daraja la juu, alishindwa mara nyingi zaidi ya alivyoshinda. Ukubwa wake ulikuwa katika kudumu. Alishiriki mashindano makuu 97 katika daraja hilo, na tangu Januari 1968 hadi mwaka 1981 alipigana mapambano 1,231 ya daraja la juu mfululizo bila ya kukosa hata siku moja. Mara 12, akiwa na cheo cha chini ya wakubwa, aliwaangusha mayokozuna. Wajapani walimpenda. Alitokea hata katika tangazo la magodoro kwenye televisheni, akicheza na kuwachekesha watazamaji.

Bei ya ualimu

Miaka minne baada ya ushindi wa Nagoya, wakati mgeni huyo amekuwa mashuhuri na watu wameanza kujiuliza atafanya nini baada ya kustaafu, Chama cha Sumo kilitoa uamuzi. Mwaka 1976 kilitangaza kwamba anayetaka kuwa mzee wa chama, na kwa hiyo mwalimu, sharti awe raia wa Japani. Uamuzi huo haukumtaja mtu yeyote kwa jina, lakini wakati ule hapakuwa na mtu mwingine wa kigeni aliyekaribia kiti hicho.

Sheria ya Japani inamtaka anayeomba uraia auache ule alio nao. Takamiyama alikuwa na hiari ya kupigana hadi mwisho akiwa Mmarekani, kisha arudi Maui na sifa zake, au abadili uraia ili aweze kuyarithisha aliyojifunza. Miaka minne mingine ilipita. Mwezi Juni mwaka 1980 alipata uraia wa Japani na jina jipya la kisheria, Daigoro Watanabe. Watanabe lilikuwa jina la ukoo wa mkewe. Wasomaji wanaosoma haya wakiwa Muscat, London au Minneapolis hawahitaji kuelezwa kwamba karatasi ya namna hiyo hutiwa saini kwa dakika moja na kufikiriwa kwa miaka. Mimi ambaye nimezeekea nchi isiyo yangu naiona ile miaka minne kuwa sehemu nzito ya habari hii kuliko hata lile kombe.

Aliendelea kupigana hadi mwezi Mei mwaka 1984, akastaafu ikiwa imebaki kiasi cha mwezi mmoja atimize miaka 40. Alichukua jina la uzee la Azumazeki, akafundisha kwanza katika kambi yake ya zamani. Mwaka 1986 alitoka na kufungua kambi ya Azumazeki katika wilaya ya Sumida, Tokyo. Hakuna mtu aliyezaliwa ng'ambo ya Magharibi aliyewahi kuendesha kambi ya sumo kabla yake.

Mwalimu wa wageni

Kazi yake ya kuwatafuta vijana ilikuwa imeanza kabla hajastaafu. Mwaka 1982 aliileta Takasago jitu jingine kutoka Hawaii, Salevaa Atisanoe, kijana wa kabila la Wasamoa aliyepewa jina la Konishiki. Uzito wake ulikuja kufika kilo 280 na zaidi. Mwaka 1987 Konishiki alikuwa mgeni wa kwanza kufikia cheo cha ozeki, na kufikia mwezi Machi mwaka 1992 alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa mara tatu. Wengi walidhani cheo cha yokozuna kingefuata. Hakikufuata.

Sababu zilizotolewa zilihusu matokeo yake, lakini mjadala ulikwenda mbali zaidi. Mjumbe mmoja wa Baraza linalopendekeza mayokozuna aliandika katika jarida kwamba yokozuna wa kigeni hahitajiki. Neno lililokuwa likizungushwa ni hinkaku, sifa ambayo yokozuna sharti awe nayo mbali na nguvu. Kwa Kiswahili neno lililo karibu nalo ni uungwana, na wenyeji wa mwambao wanajua kuwa uungwana nao haukuwa kipimo cha tabia peke yake. Ulitumika pia kuwaambia watu fulani kwamba hata wakijipamba vipi hawatahesabiwa. Aliye na kiti cha kutoa hukumu ya hinkaku hatakiwi kuonyesha mizani yake.

Jibu lilitoka katika kambi ya Azumazeki. Mwaka 1988 mwalimu huyo alikuwa amempokea Chad Rowan, kijana wa Waimanalo katika kisiwa cha Oahu, mcheza mpira wa kikapu mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Alimwita Akebono, maana yake mapambazuko. Wajuzi hawakumpa matumaini makubwa, kwa kuwa miguu mirefu humfanya mwanamieleka awe rahisi kuangushwa. Azumazeki, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa adui yake kwa miaka 20, alijua dawa yake: mpinzani asiruhusiwe kukaribia. Kijana huyo alifunzwa kutumia mikono yake mirefu kumsukuma mtu nje kabla hajapata nafasi ya kuushika mkanda wake wa kiunoni. Tangu alipoanza, Akebono alimaliza mashindano 18 mfululizo akiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa sumo hawachoki kulisimulia. Katika miaka ya 1970 mpinzani aliyependwa sana na watazamaji dhidi ya Takamiyama alikuwa Takanohana, ozeki mwenye umbo dogo kwa vipimo vya mchezo huo. Naye baada ya kustaafu alifungua kambi yake. Mwezi Machi mwaka 1988, katika mashindano yale yale aliyoanzia Akebono, walianza pia watoto wawili wa Takanohana. Wazee wawili waliokuwa wakipambana wenyewe sasa wakawa wanapambana kwa kupitia vijana wao.

Katika mashindano ya Januari 1993 Akebono alimshinda mdogo kati ya ndugu hao wawili siku ya mwisho, akatwaa ubingwa wa pili mfululizo akiwa ozeki. Wakati huo sumo ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila ya yokozuna hata mmoja, baada ya aliyebaki kustaafu mwezi Mei mwaka 1992. Sharti la mataji mawili mfululizo lilikuwa limetimizwa, na tabia ya kijana, mtulivu na mwenye adabu mbele ya watu, haikuacha mwanya. Akawa yokozuna wa 64. Ndugu yule aliyeshindwa alipata uyokozuna naye mwishoni mwa mwaka 1994. Akebono alitwaa jumla ya mataji 11, na mwaka 1998 yeye ndiye aliyefanya ibada ya kuutakasa uwanja katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, mbele ya dunia nzima, kwa niaba ya Japani.

Mlango unapunguzwa upana

Mafanikio hayo yaliwatia hofu baadhi ya wakuu. Mwaka 1992 wakuu wa kambi walikubaliana kwamba wageni wasizidi 40 kwa jumla, na wasizidi wawili katika kambi moja. Mwaka 2002 idadi ikapunguzwa hadi mmoja kwa kambi. Mwaka 2010 ikaamuliwa kwamba anayehesabiwa ni mtu aliyezaliwa nje, hata kama amekwisha kupata uraia wa Japani. Tazama maana yake: mwalimu aliyetakiwa kubadili uraia ili akubaliwe, angekuwa kijana leo, bado angehesabiwa mgeni baada ya kuubadili.

Mkondo wa Hawaii ulikauka. Musashimaru, yokozuna wa pili kutoka huko, aliyelelewa katika kambi nyingine, alistaafu mwaka 2003, na baada yake zamu ikawa ya Wamongolia. Azumazeki aliendelea kufundisha vijana wa Kijapani. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Takamisakari, aliyefika cheo cha komusubi na kupendwa kwa namna alivyojipiga ngumi kifuani kabla ya kila pambano ili kuifukuza hofu. Mwezi Juni mwaka 2009, alipotimiza miaka 65, umri wa kustaafu kwa wazee wote, Azumazeki alikabidhi kambi kwa mwanafunzi wake Ushiomaru.

Sharti la uraia halikuondolewa. Hakuho, Mmongolia mwenye mataji 45, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote, aliukubali uraia wa Japani mwezi Septemba mwaka 2019, mwaka mmoja na ushei baada ya kifo cha baba yake, ambaye alikuwa mwanamieleka mashuhuri wa Mongolia na mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1968. Alikuwa mkuu wa kambi mwaka 2022. Mwaka 2024 ilibainika kwamba mmoja wa vijana wake aliwafanyia ukatili wenzake wadogo. Kambi ikafungwa, na mwezi Juni mwaka 2025 Hakuho akajiuzulu katika chama. Wamongolia wenzake Kakuryu na Terunofuji nao walibadili uraia na wakawa wakuu wa kambi.

Akebono, aliyekuwa amepata uraia wa Japani mwaka 1996, hakudumu katika ualimu. Alistaafu ulingoni mwaka 2001, akakitoka chama mwaka 2003 kwenda kupigana katika michezo mingine ya kulipwa, na akafariki dunia mwezi Aprili mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 54. Ushiomaru alikuwa ametangulia, Desemba 2019, akiwa na miaka 41. Takamisakari alishika nafasi yake, lakini kambi haikuweza kuendelea. Ilifungwa mwaka 2021, na vijana wake wakahamishiwa kambi ya Hakkaku pamoja na mwalimu wao, ambaye alihama akiwa na jina lile lile la Azumazeki.